Kabla Hujatuma Arbuni, Igeuze Picha

Kisumu,
Jumapili jioni

Kwako dada Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali huko Mombasa. Kimya chetu tangu harusi ya Nafula tutakizungumza siku nyingine. Leo nina jambo moja tu, nalo limenikaa rohoni tangu uliponitumia ile picha ya ploti ya Nakuru.

Usitume arbuni bado. Kama umeshatuma, acha kusoma hapa hapa unipigie simu.

Chini ya picha uliandika, "Tazama kilima changu!" Nimeitazama kwenye simu, nikaitazama kwenye kompyuta ya studio, mwisho nikaichapisha kubwa. Nekesa, kilima mimi sikioni. Ninaona shimo.

Nakala niliyochapisha iko ndani ya bahasha hii, ndiyo maana nimempa Baba Shem akuletee badala ya kukuandikia kwa WhatsApp. Nimeweka alama kwa kalamu nyekundu. Ishike kwanza jinsi ulivyozoea kuiona, barabara ikiwa upande wa kulia. Utaona ule mviringo mkubwa katikati: ukingo wake wa juu unang'aa, wa chini umeingia giza, na jicho litakuambia papo hapo kwamba hapo pameinuka. Sasa igeuze, juu iwe chini. Usiharakishe, lipe jicho muda. Kile kilima kitadidimia ukikitazama.

Hakuna aliyeichezea picha. Hilo nataka ulielewe vizuri, maana najua utaanza kumtukana dalali. Picha ni ya kweli na huenda dalali naye anakiona kilima kama wewe. Akili ya binadamu, ikikosa dalili nyingine, hukisia kwamba mwanga unatoka juu, kwa sababu jua letu liko juu tangu tuzaliwe. Mtafiti mmoja, Vilayanur Ramachandran, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1988, akalionyesha kwa viduara vya kijivu tu. Kiduara chenye weupe juu na weusi chini unakiona kimevimba. Ukikigeuza, unakiona kimebonyea. Wala hakuwa wa kwanza, maana David Brewster wa Uskoti alikuwa akiyachunguza mambo haya tangu karne ya 19.

Ukimpiga mtu picha, kichwa kiko juu na miguu iko chini, huwezi kupotea. Droni ikiwa angani inatazama chini wima, hakuna cha juu wala cha chini. Inategemea tu yule kijana aliyeishika rimoti ameielekeza wapi. Huyu alikuwa ameielekeza magharibi. Basi mashariki ikaja upande wa chini wa picha, na jua la asubuhi likawa linamulika kutoka chini.

Utaniuliza nimejuaje. Angalia mikaratusi ile pembeni niliyoizungushia kalamu. Vivuli vyake vyote vimelala kuelekea juu ya picha. Kivuli hulikimbia jua, na dalali mwenyewe alikuambia walipiga asubuhi. Kwa hiyo jua liko chini ya picha. Likiwa huko, ukingo wa juu hauwezi kung'aa kiasi kile isipokuwa umeligeukia jua, yaani ni ukuta wa ndani wa shimo unaotazama mashariki. Na ule wa chini una giza kwa sababu ardhi inaanguka na kulipa jua kisogo.

Kama bado una shaka, chukua kioo cha kukuzia ukague vigingi vya ua. Aliyevipanda alivikata urefu mmoja, hilo linaonekana kule kwenye uwanda, vivuli vyote viko sawa. Vifuate sasa polepole. Vinapoingia kwenye ukingo wenye giza vivuli vinarefuka, kimoja kinapotelea gizani kabisa. Vinapofika kwenye ukingo unaong'aa vinafupika ghafla. Ardhi inayoteremka kuliacha jua hurefusha kivuli, ardhi inayopanda kulikabili jua hukifupisha. Vigingi havina sababu ya kudanganya mtu. Kisha tazama pale katikati, mahali unapopaita kileleni: majani ni ya kijani kuliko ploti nzima, na yale marefu ya rangi ya maziwa naapa ni matete. Lini uliona matete yakaota kileleni?

Nadhani ni machimbo ya zamani. Watu walichimba mawe ya kujengea, wakaondoka, nyasi zikafunika. Huko Nakuru mashimo ya namna hiyo yapo.

Najua kwa nini ulikitaka kilima. Uliona mwaka 2020 Ziwa Nakuru lilivyopanda likaingia kwenye nyumba za watu, ukaapa kwamba mama yako hatalala mahali maji yanapoweza kumfikia. Ndiyo maana ukaikataa ile ploti ya kwanza, na ulifanya vizuri. Ndiyo maana pia nimeshindwa kukaa kimya. Shimo lisilo na njia ya kutolea maji, mvua ya masika ikikaza, litajaa, hata kama ziwa liko mbali. Na kulijaza udongo kunaweza kukugharimu kuliko ploti yenyewe, halafu ujenge juu ya udongo uliomwagwa juzi, nyumba ianze kupasuka. Mama anastahili pazuri kuliko hapo.

Usione aibu kwamba umekiona kilima. Jicho la kila mtu hufanya hivyo. Juzi nilikuwa Dunga nikipiga picha za matope yaliyokauka, pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa maji. Kijana ninayemfundisha kazi akaishika kamera kichwa chini, akasema nyayo zimevimba kama mandazi. Nikamgeuzia kamera, zikazama. Akaigeuza tena mwenyewe, zikavimba. Alikuwa amesimama juu ya nyayo zenyewe, anazikanyaga, na bado jicho lilikataa. Kujua hakutoshi, Nekesa, ndilo ninalotaka ulishike. Hata baada ya barua hii utaitazama ile picha kwenye simu yako na utakiona kilima.

Ukitaka kujaribu mahali ambapo hakuna ubishi, jaribu Menengai, iko hapo hapo Nakuru. Ni bonde la volkeno la kama kilomita 12 kwa 8, na ukisimama ukingoni huwezi kusema ni mlima. Lakini tafuta picha yake ya setilaiti ya Disemba, iliyopigwa kama saa nne asubuhi, ndiyo saa ambazo setilaiti nyingi za kupiga picha za ardhi hupita. Mwezi huo jua letu liko kusini, basi mwanga unaingia kutoka pembe ya chini kulia, na kuta za bonde zinaweza kukugeukia zikawa tuta. Tafuta na ya Juni, jua likiwa kaskazini, kila kitu kitakaa mahali pake. Sisi wa ikweta tunapata nafuu nusu ya mwaka. Wenzetu wa Ulaya jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima, na picha zao zimewekwa kaskazini juu, kwa hiyo mabonde yao ya milimani huwageukia kila siku.

Na si picha za dunia yetu tu. Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha angani cha Viking 1 kilipiga picha ya sayari ya Mirihi ambayo ilikuwa na uso wa mtu, macho, pua na mdomo. NASA wenyewe walipoitoa walisema ni vivuli tu, lakini watu walibishana miaka na miaka. Mwaka 2001 chombo kingine kikapiga picha safi zaidi, uso haupo, ni kilima cha mwamba kilichomomonyoka. Jua lilikuwa limeinama, vivuli vikajaza palipobaki. Ubishi ule haukumpotezea mtu ploti. Wako unaweza.

Kuna jambo jingine dogo kwenye picha yako, lile doa jeusi upande wa kushoto ulilosema ni udongo wenye rutuba. Hilo ni kivuli cha wingu. Tazama ukingo wake, umefifia, huwezi kusema unaanzia wapi. Jua si nukta, ni duara, kwa hiyo kadiri kitu kilivyo mbali na ardhi ndivyo ukingo wa kivuli chake unavyotanuka, karibu mita moja kwa kila mita 108. Wingu lililo juu mita 1,000 litakupa ukingo wa mita 9 au zaidi, wakati kigingi cha ua kinakupa ukingo unaoweza kuukata kwa kisu. Mboga za Mama zitaota, lakini si kwa sababu ya doa hilo.

Turudi kwenye shimo. Mwombe dalali picha ya jioni, saa kumi na moja, droni ikiwa imeelekezwa vile vile kama mara ya kwanza. Jua likiwa magharibi mwanga utatoka juu ya picha, na kama nasema kweli, utaliona shimo bila kugeuza chochote. Asikupe ya mchana. Hasa mwezi Machi, yapata saa saba kasorobo, jua huku kwetu linakuwa utosini, vivuli vinaisha chini ya miguu, na hata machimbo huonekana uwanja wa mpira. Halafu mwombe picha ya chini, kamera usawa wa kifua, mtu mmoja asimame barabarani na mwingine asimame katikati ya huo mviringo. Kama wa katikati anaonekana miguu hadi kichwa juu ya yule wa barabarani, nitakuja Mombasa nikupikie samaki mwenyewe. Kama anaonekana kichwa tu, unajua.

Bora zaidi, mtu aende. Mjomba wako wa Njoro bado anaendesha ile pikapu? Mimi mwisho wa mwezi nina harusi ya kupiga hapo Nakuru mjini, naweza kulala siku moja zaidi niende nayo hadi kwenye ploti. Niambie tu, nimwambie bibi harusi nitachelewa kurudi, au nisijisumbue?

Na nina maswali, uyajibu yote usiruke. Huyo dalali ulimpata kupitia nani, yule binamu wa Shiru au mtu wa kanisani? Hatimiliki umeiona kwa macho au umetumiwa picha yake tu? Umefanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi? Alikupa sababu gani ya bei kuwa chini kuliko ya majirani? Mpima ardhi alishakanyaga pale? Mama ameshaambiwa, au bado unataka kumshtukiza? Na yeye goti lake linaendeleaje? Baba Shem atakuwa Mombasa hadi Alhamisi, basi mpe majibu kwenye karatasi ukiweza, maana kwa simu wewe huniambia "sawa, sawa" halafu unafanya lako.

Wako akupendaye,
Akinyi

Tena: umeshaigeuza?