Shukrani kutoka Kilindoni: mzee wetu amerudi nyumbani

Bismillahi. Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa mzee wetu, fundi wa majahazi hapa Kilindoni, Mafia, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuachia baba. Alhamdulillahi, juzi kaingia mlangoni kwake kwa miguu yake, mkanda wa mgongo umembana kiunoni.

Kwanza tusahihishe habari zilizoenea kwamba ndege aliyopanda baba ilianguka na yeye akafariki. Ndege haikuanguka, ilitua kwa kishindo. Ilikuwa ndege ndogo ya rafiki yake, mteja wake wa miaka mingi, aliyempa lifti kutoka Dar es Salaam. Upepo wa kusi uliipiga ubavuni ikikaribia kugusa lami. Ikajibamiza, ikadunda, na iliporudi chini gurudumu la mbele likavunjika, pangaboi ikachimba lami. Mliotuma "Inna lillahi" kwenye makundi ya simu, tumewasamehe, ingawa mama aliusoma ujumbe huo kabla yetu.

Baba alitoka mwenyewe, akapiga hatua tatu, miguu ikamkataa. Watu wakataka kumbeba mzobemzobe wampakie kwenye bajaji. Aliyepiga kelele asiguswe ni mama lishe wa pale jirani. Mwanawe aliwahi kuanguka mnazi, kwa hiyo mambo ya mgongo anayajua. Alipiga magoti juani, akamshika baba kichwa kwa viganja viwili, hakukiachia mpaka daktari alipofika. Wali wake uliungua pamoja na sufuria. Tulimpelekea mpya, akairudisha. Ametukataza kumtaja jina. Mola anamjua.

Rubani, mdomo ukivuja damu, alirudi ndani kuzima umeme na kufunga mafuta. Wapo wanaotutaka tumshitaki. Hatuna kinyongo naye. Chanzo tunawaachia wachunguzi.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Boti ya Nyamisati, ya kuvukia bara, na mawimbi yake haikufaa kwa mtu aliyevunjika pingili ya mgongo, na ndege ilikuwa mpaka asubuhi. Daktari wa zamu hakulala. Kila baada ya muda alimgusa vidole vya miguu: "Mzee, unasikia?" Nasi tumeegemea ukuta, tunasubiri aitikie. Kulipokucha, abiria wanne tusiowajua waliacha safari yao ili viti ving'olewe, machela ipate nafasi. Hatukuwahi hata kuwauliza wanakotoka.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, waliomfundisha kutembea upya, waliojitolea damu, ndugu wa Mbagala na Temeke waliotulaza na kutulisha, majirani wa Kilindoni, Utende, Chole na Jibondo, mafundi wenzake, maimamu na wanafunzi wa madrasa kwa dua zao, na chama chetu cha kuzikana, ambacho mwenyekiti wake alisema safari hii fedha itumike kumrudisha mtu.

Tuwieni radhi, tena sana, wote tuliowasahau. Daftari la michango lililowa mvua, kurasa mbili hazisomeki, na simu nyingi zilipokelewa na mtu anayelia. Ambaye hatukumtaja asidhani hakuonekana. Aje atukumbushe, tutamshukuru ana kwa ana. Jazakumullahu kheri.

Dua ya shukrani itasomwa nyumbani Jumapili baada ya Alasiri. Baba ataketi kwenye kiti, msimuinue kumkumbatia.