Tangi letu la samaki limevamiwa na mwani: tulimwage lote au linaponyeka?

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wasomaji wenzangu, hasa mnaofuga samaki wa mapambo na kuotesha mimea ndani ya maji. Nina shida, na hapa nilipo sina mtu wa fani hii wa kumgongea mlango.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Lindi. Mwaka jana wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walichanga, fundi vioo wa mjini akatutengenezea tangi la sentimita 90 kwa 40, kimo 45. Ukitoa mchanga na mawe, linabeba maji kama lita 130. Mimea tuliifuata wenyewe Ziwa Rutamba: mayungiyungi mawili, na magugu yale ya majani marefu membamba mfano wa ukindu. Tuliileta kwa bodaboda ndani ya ndoo, imefunikwa kanga iliyoloweshwa isinyauke njiani. Mche mmoja tu wa anubiasi ndio uliotoka Dar es Salaam. Samaki ni perege wadogo saba. Najua watakua na kulizidi tangi, hilo tumeshalipanga: wakifika kiganja watahamia bwawani kwa mfugaji mmoja.

Kwa miezi mingi lile tangi lilikuwa fahari ya maabara. Ikifika saa nne asubuhi vipovu vilianza kupanda kutoka kwenye majani, kimoja kimoja, kama uzi wa shanga, na mtoto aliyekariri usanisinuru kwa maneno ya daftarini anaiona oksijeni kwa macho yake. Nimefundisha somo hilo miaka tisa, sijawahi kuona darasa likinyamaza vile.

Katikati ya Mei nikaenda likizo ya uzazi, siku 84. Tangi nikamwachia mzee wetu wa ulinzi, maana shule ilikuwa inakaribia kufunga. Naomba msimlaumu, na mimi simlaumu, kwa sababu alichofanya alikifanya kwa huruma. Alilisha asubuhi na jioni, kiganja kizima cha dagaa wa kusaga, na taa hakuizima hata siku moja. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, niliona nisiwaache viumbe wa watu gizani." Juu ya hayo, pazia la dirisha la magharibi lilitolewa likafuliwe, halikurudi. Maji hayakubadilishwa miezi mitatu.

Nimerudi Agosti. Kioo cha mbele huoni kitu. Mayungiyungi yamepoteza majani yote, yamebaki matunguu mchangani. Majani ya ukindu yamefungwa nyuzi za kijani ndefu, ukizivuta zinakuja na mmea mzima. Hayo ya kijani hayanitishi sana, mengi tumeyatoa kwa kuyazungusha kwenye mswaki wa zamani kama mtu anayekunja tambi. Kinachonikosesha raha ni viwili.

Cha kwanza ni utando wa kijani-bluu uliotandaa juu ya mchanga. Unabanduka wote kwa pamoja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na unanuka tope la mikokoni maji yakikupwa. Tunaunyonya kwa mpira Jumatatu, Jumatano umerudi. Huu nimeuweka chini ya hadubini: si mwani hata kidogo, ni sayanobakteria, minyororo ya seli zisizo na kiini.

Cha pili ni ndevu nyeusi. Zimeota kwenye kingo za majani ya anubiasi na kwenye bomba la chujio, fupifupi, ngumu, ukipapasa ni kama kichwa kilichonyolewa jana. Wembe hauzitoi bila kukata jani. Tulikata jani dogo moja tukalitumbukiza kwenye spiriti ya maabara, na baada ya muda zile ndevu zikageuka nyekundu. Kumbe ni mwani mwekundu, ukoo mmoja na kotonii na spinosamu zinazolimwa baharini kwetu. Msichana mmoja ambaye mama yake ni mkulima wa mwani alisema, "Mwalimu, mama anahangaika wa kwake uote, na sisi tunahangaika wa kwetu ufe." Nilikosa la kumjibu, lakini swali lake limenikaa: mwani huu unataka nini ambacho sisi tunaupa bila kujua?

Niliyoyafanya kwa wiki mbili hizi ni haya. Taa nimeirudisha kwenye saa sita kwa siku. Dirisha nimelitundikia kanga mbili mpaka pazia lipatikane. Chakula ni kidogo, mara moja kwa siku, wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na Jumapili hawali. Majani yote yaliyooza yametolewa. Kila siku ya tatu tunatoa ndoo mbili za lita 20 na kurudisha maji ya bomba yaliyolala wazi siku nzima ili klorini itoke. Sponji ya chujio tumeikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, si bombani, tusiue wale bakteria wema wanaogeuza amonia kuwa nitraiti na kisha naitreti. Watoto wanavaa glavu ndefu, kwa sababu mimea ya ziwani ilikuja na konokono, na kichocho huku kwetu si hadithi.

Maji yameanza kung'aa kidogo. Perege wote saba wako hai, ingawa alfajiri nimewakuta juu wakitwetatweta, nikaongeza pampu ya hewa. Nadhani usiku mimea na mwani vyote vinavuta oksijeni ileile, na joto la maji ni nyuzi 30, maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi.

Sasa ushauri niliopewa hapa shuleni. Mwenzangu wa kilimo anasema nitie mrututu kidogo, utaua mwani wote kwa siku moja. Namheshimu, shambani mrututu anaujua, lakini shaba iliyomo ndani yake inaua konokono na inaweza kuua samaki. Halafu mwani wote ukifa kwa mkupuo utaoza humohumo na kumaliza hewa. Mwingine kaniambia nifungue vidonge vya erithromaisini nitie kwenye utando ule. Najua vinaweza kuumaliza. Moyo unakataa: mimi ndiye ninayewafundisha watoto hawa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kisha nimwage antibiotiki ndani ya tangi na maji yake yaende mtaroni?

Mkuu wa shule naye, kwa nia njema kabisa, anataka tumwage kila kitu, tuchemshe mchanga, tuanze upya. Wageni wa mahafali ya kidato cha nne wanakuja Oktoba na maabara inanuka.

Ndipo ninapokwama. Tukianza upya tutapoteza bakteria waliojenga makao kwa zaidi ya mwaka, na tangi jipya huwa na mwani wake, ule wa kahawia. Waliolijenga tangi hili ndio hao wanaomaliza mwaka huu, wakiingia mitihani Novemba hawarudi tena. Wameniomba jambo moja tu: waliache likiwa hai.

Kwa hiyo naomba mwenye uzoefu anieleze. Nimesoma kwamba kulifunika tangi kabisa siku tatu, lisipate mwanga hata wa tundu la sindano, kunaumaliza utando wa kijani-bluu. Je, nifanye hivyo na perege wakiwa ndani, pampu ya hewa ikiwaka muda wote, au niwahamishie kwenye beseni? Matunguu ya yungiyungi, ambayo bado ni magumu ukiyabonyeza, yatastahimili giza hilo? Na zile ndevu nyeusi, nikate majani yote yenye ndevu hata kama anubiasi itabaki na mawili, au kuna aliyewahi kuzipaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, bila kudhuru samaki? Kama yupo, aniambie kiasi alichotumia kwa lita ngapi, na kama alizima chujio kwanza.

Jana jioni, wakati nafunga maabara, niliona tunguu moja limetoa chipukizi jekundu, urefu wa kucha. Nimemwonyesha mkuu wa shule. Amenipa hadi Ijumaa ya pili ya Septemba.

Mwalimu wa Biolojia,
Lindi