Kusawazisha si muujiza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za michezo miaka mingi bila kuandika chochote. Ile ripoti yenu ya sare ya Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, na Afrika Kusini kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu aliiita "muujiza wa Namboole", kwa jina la uwanja wetu wa taifa, na hadi leo mnalirudia neno hilo.

Muujiza upi? Tulikuwa nyuma 3-1 na muda unayoyoma. Vijana wakaendelea kubanana langoni mpaka wakapata penalti mbili, ikawa 3-3, tukaongoza kundi ambalo tulilianza kwa kupigwa 3-0 na Algeria. Timu iliyokata tamaa katikati ya uwanja haipati penalti. Hata Liverpool, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Istanbul 2005, walienda mapumziko wakiwa chini 3-0 mbele ya AC Milan. Kocha Benítez akamwingiza kiungo Hamann kuziba eneo alilokuwa akitamba Kaká wa Milan, akapanga mabeki watatu nyuma, na kipindi cha pili mabao matatu yakaingia ndani ya dakika sita. Kocha aliona tatizo akalitibu.

Mnaponiuliza kwa nini nakasirika, njooni huku Tororo mtazame mechi za shule. Muhula uliopita mwanangu, beki wa kushoto, alikuwa uwanjani timu yao ikiwa nyuma 2-0. Wakafunga moja. Mtoto mmoja akakimbilia wavuni kuuchukua mpira ili mechi ianze haraka, na kocha wake mwenyewe akamfokea: "Uache, wenyewe watauleta!" Akarudi mikono mitupu, kipa wa wapinzani akauokota polepole, akafunga kamba za viatu, dakika zikaliwa. Mapumziko kocha huyo alikuwa amewaambia waombe Mungu na wapige mpira mbele. Hakubadilisha mchezaji hata mmoja, na benchi lilikuwa limejaa watoto waliovaa jezi tayari. Mimi ni mtu wa sala, lakini kumwachia Mungu kazi ya kocha ni kuwaonea watoto.

Tena pembeni walisimama vijana wakubwa wenye simu, wanabeti mechi za Ulaya huku ya mbele yao wakiizomea. Mkeka wao wa kubeti ukichanika wanaondoka wakitukana. Watoto wa miaka 13 wanawasikia, wanajifunza kwamba aliye nyuma ameshakwisha. Duka la kubeti liko hatua chache kutoka lango la shule, na wakubwa wa wilaya wanapita hapo kila siku.

Naomba haya. Kila Alhamisi, makocha wa shule wachezeshe mazoezi ya dakika 20 ambapo timu moja inaanza ikiwa chini 2-0, na kocha alazimike kufanya mabadiliko mawili na kueleza sababu zake. Nanyi, timu ikisawazisha, andikeni aliyeingia, dakika aliyoingia na nafasi aliyocheza, kabla ya kuandika neno muujiza.

Mzazi, Tororo