Kabla hujalipa ile ploti ya kupangisha ya Migosi, Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Picha za ploti nimezitazama mpaka simu ikazima. Vyumba vinane, na pesa umetafuta mwenyewe bila kuniomba hata ndururu. Jumapili nilijivunia kwa wazee wenzangu. Lakini umenituma geti, umenituma vigae, boksi la mita sijaliona.

Nyumba iliyojengwa 1984 kama hiyo ilitiwa waya za taa na redio. Leo kila mpangaji anataka shawa ya stima, na moja tu hula wati 5,000 hivi. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, si yule wa dalali. Afungue boksi, apande darini, apime kama waya wa kwenda ardhini upo na unafanya kazi. Usilipe kabla.

Yule mpangaji wetu wa nyumba ya tatu, mama yako alikwambia aliteleza bafuni. Hakuteleza, alipigwa na stima. Fundi alikuwa ameniambia habari ya waya wa ardhini wa nyumba hiyo tangu Januari, nami nikangoja kodi za Machi. Mkono wake wa kulia haujarudi sawa.

Maji nayo: mabomba ya chuma ya miaka hiyo huliwa na kutu kwa ndani. Fungua mifereji yote kwa pamoja uone ya juu itatoa nini. Na huo udongo mweusi wa Kisumu huvimba mvua ikinyesha, jua likiwaka unapasuka, bomba la choo linaachia kwenye maungio. Paa likiwa la asbesto, fundi wa mtaani asiliguse. Ilipigwa marufuku 2006, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Ile hesabu yako ya faida haina hata shilingi ya fundi. Vyumba vinane kwa 9,000 ni 72,000, na KRA, watoza ushuru, huchukua asilimia 7.5 ya hizo zote, 5,400 kila mwezi, hata kama mwezi huo umenunua mabomba mapya. Wewe una haraka tangu utoto. Muuzaji akikataa boksi lifunguliwe, ondoka, hata akikupunguzia laki tatu.

Mama yako anauliza sufuria yake kubwa uliyobeba Krismasi. Goti lake ni afadhali. Kuku wawili wamechukuliwa na mwewe, nimeweka wavu.

Simu nimeichaji. Nitumie picha ya boksi, hata iwe usiku.

Baba yako,
Nakuru