Kwa wajukuu zangu mliochoma sanduku la babu

Mmesharudi Dar na Nairobi, mi bado nanusa ule moshi.

Krismasi mmekuja nyumbani, vizuri, mkafanya usafi chumba cha marehemu babu yenu mkubwa, mkavuta sanduku la bati chini ya kitanda, mkaona makaratasi yameliwa na mchwa, mkayamwaga nyuma ya banda la ng'ombe mkawasha kiberiti. Nafika na fimbo yangu nakuta imebaki nusu karatasi, stakabadhi ya kodi ya kichwa, jina la baba yangu kwa wino wa bluu na herufi moja imekosewa. Mmoja wenu ananiambia, babu hizo ni takataka tu. Takataka! Mle kulikuwa na stakabadhi za kahawa za KNCU, ule ushirika wetu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, za miaka ya hamsini, kilo ngapi, shilingi ngapi, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye kilo hizo. Akija mtu kuwaambia Wachagga tulisomeshwa na wamisionari peke yao mtamjibu na nini, majivu?

Jioni hao hao mnabishana eti Mangi Meli, yule mtawala wetu wa Kichagga, alifia vitani. Alinyongwa na Wajerumani, hapo Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake, na fuvu lake ukoo unalitafuta Ujerumani mpaka leo. Mwaka 2023 kule Berlin walipima vinasaba wakapata mafuvu matatu yana ndugu zao hai huku kwetu, na moja lilikuwa na maandishi, "Akida". Yaani aliyeiba ameweka kumbukumbu, sisi wenye msiba tunachoma.

Na siwasemi nyie tu, sisi wazazi ndio tuliimba historia haina ajira, soma sayansi.

Mnataka kujua mtu anakuwaje mwanahistoria? Chuo kipo, ila kazi inaanzia jikoni kwa shangazi. Mpelekeeni mbege kidogo, ile pombe yetu ya ndizi, washa simu urekodi, na usimuulize mwaka maana hajui, muulize nani alizaliwa msimu ule wa njaa. Kisha nenda kwa jirani umuulize hilo hilo, wakipishana usiwapatanishe, andika yote mawili. Picha ziandikeni majina nyuma, kwa penseli. Na nani kakwambia, siku gani.

Haya wanangu, sina kinyongo. Ile nusu karatasi nimeiweka ndani ya Biblia. Pasaka mkija mmoja alete mafaili ya plastiki, juu ya dari kuna sanduku la pili na funguo ninao mimi.