Shangazi, mama mwenyeji wangu anarudia kuosha vyombo nilivyoosha

Shikamoo Shangazi.

Naandika saa kumi kasoro usiku, simu imebaki na chaji kidogo, utanisamehe nikiruka mambo. Wewe misheni hii ya kutumwa na kanisa ugenini mwaka mzima unaijua, umeshawajibu wengi waliotumwa, sina haja ya kukueleza usaili, semina, kuwekewa mikono na kila kitu. Leo ni siku ya tisa niko kwa familia niliyopangiwa. Imebaki miezi kumi na moja na wiki tatu. Nimehesabu.

Tatizo ni vyombo.

Najua utacheka, hata dada yangu alicheka. Siku ya pili baada ya chakula cha jioni niliinuka nikakusanya sahani. Mama mwenyeji akasema acha, nikasema hapana mama, naomba. Nikaosha vyote, nikasuuza mara mbili, nikavipanga kwenye kichanja, hata sinki nikalifuta. Usiku ule nikasikia bomba. Nikadhani kuna kilichosahaulika. Usiku wa tatu, bomba tena. Usiku wa nne, kabla ya kulala, nilikigeuza kikombe kimoja mpini ukaelekea ukutani, vingine vyote mipini nje. Asubuhi mipini yote inatazama nje na sponji inachuruzika maji. Basi nikajua.

Shangazi, mimi naosha vyombo tangu nina miaka saba. Nimeosha vya harusi, vya misiba, vya kambi za vijana zile unazozijua ambako sufuria moja wanaingia watoto wawili. Hakuna aliyewahi kurudia nilichoosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililichukua mwenyewe, halafu usiku mtu anaamka analima upya palepale nilipolima.

Simsemi vibaya, uelewe hapo. Ndege yetu ilichelewa kwa saa tano, nikamkuta uwanjani bado amesimama na karatasi yenye jina langu. Alikosea herufi moja, akaniomba radhi kwa hiyo herufi njia nzima. Kila asubuhi ananisindikiza mpaka darasa la lugha. Usiku wa kwanza alileta blanketi la pili bila kuombwa. Lakini mtu akikuona mchafu, blanketi la nini?

Kwenye semina walitufundisha habari za Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyezungumzia mwaka 1954 yanayompata mtu akihamia ugenini. Alisema mwanzo huwa kama fungate, kila kitu kinapendeza, na fungate hiyo yaweza kuwa siku chache au hata miezi sita. Nikaandika kwenye daftari. Yangu haikufika siku mbili. Na katika dalili za mtu aliyezidiwa na ugeni alitaja kunawa mikono kupita kiasi na wasiwasi uliozidi juu ya maji, vyombo na matandiko. Nimelisoma daftari hilo usiku huu mara tatu. Sasa mbona hapa mgeni ni mimi na mwenye wasiwasi wa vyombo ni mwenyeji?

Utaniambia nivumilie. Mchungaji alitusomea Luka 10 siku ya kutuaga, pale Bwana anapowakataza aliowatuma wasihamehame nyumba hadi nyumba, na kanisa zima likasema amina. Lakini sura hiyohiyo, mstari wa kwanza, inasema aliwatuma wawili wawili. Mimi niko peke yangu. Mwenzangu amepangwa upande wa pili wa mji, na kule anaosha na hakuna anayeamka. Nimemuuliza.

Siku ya sita mratibu wa misheni alinipigia, akauliza kama ningependa kubadilishiwa familia. Nikasema hapana, nimepokelewa kama mtoto wa kuzaliwa. Maneno hayohayo nilikuwa nimewaandikia watu wa kanisani kwetu, maana wao ndio walionichangia nauli, na Jumapili yakasomwa mbele ya watu. Ningesema nini? Ila alipokata simu nililia, kwa nini hakuniuliza mara ya pili.

Tangu hapo sioshi tena. Nikimaliza kula nashukuru, naingia chumbani, nafunga mlango. Yeye anaosha peke yake. Nilitaka ajue kwamba najua. Lakini usiku bomba bado linafunguliwa, kwa hiyo hata hapo sijui ananiadhibu kwa lipi.

Juzi usiku nilimrekodia dada yangu ujumbe wa sauti, dakika nne. Nilisema mwanamke huyu ananiona najisi. Nilimwigiza anavyoongea. Na anavyoomba mezani, hilo pia nililiigiza, Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira na nilikuwa sijalala. Ujumbe haukwenda kwa dada. Ulikwenda kwenye kundi letu la WhatsApp la wote tuliotumwa, na mratibu yumo. Nilipogundua nikaangalia waliosikiliza: watatu, yeye mmojawapo. Nikaufuta. Hakuna aliyesema neno. Jana mchana mratibu kaandika tu, "Nitapita Alhamisi niongee na familia." Alhamisi ni kesho kutwa. Labda ni ziara ya kawaida, wenzangu wanasema kila mmoja hutembelewa. Labda.

Mama mwenyeji hajui lugha yetu. Mratibu anazijua zote mbili.

Kuna jambo moja zaidi, si kubwa. Saa nane usiku huu bomba lilipofunguliwa niliamua nikamfumanie. Nikanyata hadi ukumbini. Yuko jikoni pekupeku, mikono ya gauni la kulalia imekunjwa hadi kwenye viwiko. Vyombo vya jioni alikuwa ameshavimaliza. Anaosha sahani za kabatini, zile zenye maua, ambazo tangu nifike sijaona mtu akizitumia. Anaosha mbele, anaosha nyuma, anafuta, anaweka, anachukua nyingine. Midomo inacheza, sijui anaomba, sijui anahesabu. Baba alitoka chumbani kwao, akasimama mlangoni, akamtazama kidogo, akarudi. Hakuonyesha kushangaa. Nami nikarudi kwa kunyata. Lakini hiyo haibadilishi kwamba na vyangu aliviosha.

Nisaidie Shangazi. Nimwambie mratibu anihamishe kabla hajafika? Sitaki kuhama, darasa la lugha liko karibu na hapa. Au nikae kimya, maana ujumbe nimeshaufuta? Au mtu anamwombaje mwenzake msamaha kwa kosa asilolijua, kwa lugha ambayo bado unahesabia namba kwa vidole? Nilitafuta neno la "nilikuigiza" kwenye kamusi, sikulipata. Nikimwomba bila kusema la kuigiza, je, nitakuwa nimeomba?

Usiniambie tu niombe. Naanza kuomba, nasikia maji.

Nijibu kabla ya Alhamisi. Na ukiichapisha, ile sehemu ya sahani za maua iondoe.

Mimi mjumbe, ugenini