Nilikwenda na msomi, nikarudi na malenga

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mie mzima, hofu ni kwako uliye mbali.

Ama baada ya salamu, nimepata kundi! La Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, ndiyo, baada ya miaka yote hii ya kukulilia. Tuko watano: mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mwendesha mchezo, dada mmoja wa benki, kijana fundi simu wa Kariakoo, mwalimu wa hesabu, na mie. Hakuna aliyewahi kucheza na mwenzake. Jana ndiyo tulikutana, na mchezo wenyewe hatukuugusa. Tangu saa nane mchana mpaka magharibi tulikuwa tunatengeneza wahusika tu.

Unanijua. Nilikwenda na wangu tayari mkobani, kurasa sita: msomi wa uchawi, yatima, mwalimu wake kauawa, ana kovu shavuni. Usicheke. Najua unamkumbuka yule niliyemwandikia ukoo mzima mpaka babu wa babu, ukamtumbukiza shimoni kabla chai haijapoa.

Mama akazipokea zile karatasi, akazilaza kifudifudi mezani, akaweka juu yake sahani ya mihogo ya kukaanga. "Tunaanza na dadu," akasema.

Dadu zenyewe seti moja kwa watu wote, tukaazima mbili za ludo ya watoto. Sharti la mama: kwa kila sifa ya mhusika rusha nne, ya chini itupe, tatu jumlisha, na namba inakaa pale ilipoangukia, hakuna kuhamisha. Mwalimu akapinga. Kitabu cha mchezo kinaruhusu kupanga namba utakavyo, alisema, au kuchukua zile zilizokwisha kupangwa, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, haki kwa wote. Mama akamjibu kwamba mchezo ulipotoka 1974 watu walirusha dadu tatu moja kwa moja na hawakufa. (Wahusika wao walikufa sana, ila hilo alilinyamazia.)

Nguvu 9. Wepesi 14. Ustahimilivu 8. Nikafika kwenye Akili, ambayo msomi bila hiyo hana kazi. Tatu, mbili, mbili, moja. Saba! Fundi simu akanipa pole kama nimefiwa. Busara 11. Kwenye Haiba nikapata sita, sita na mbili, dadu ya nne ikabingirika chini ya kabati la vyombo, tukaitoa kwa mwiko huku mwalimu amelala kifudifudi na tochi ya simu, ashuhudie isiguswe. Tano. Jumla 17.

"Huyo msomi wako hayupo," dada wa benki akasema. "Huyo ni malenga."

Nilinuna kidogo, nakuambia ukweli. Kurasa sita!

Majina ya kazi za wahusika tuliamua yawe ya Kiswahili. Malenga halikuwa na ubishi, na fundi simu alifurahi mno kuandika kibaka. Balaa lilikuwa kwa dada wa benki, aliyepata Akili 16, yaani namba yangu. Mama akamwambia basi wewe mchawi. Dada akaweka kalamu chini. "Mimi mwanakwaya. Siandiki mchawi kwenye karatasi yenye jina langu." Hakuwa anatania, na ukifikiri vizuri ana haki, mchawi wa kwetu si mzee mwenye ndevu na maktaba, ni mtu anayekuroga usiku kisha asubuhi anakuamkia. Mganga? Huyo ana hirizi na kuku mweusi. Tulizunguka hapo karibu nusu saa, chai imepoa, mpaka mwalimu akasema: mnajimu. Mtu wa nyota, vitabu na hesabu. Dada akalijaribu mdomoni mara mbili, akaandika.

Mipaka tuliimaliza upesi: watoto hawateswi kwenye hadithi, mambo ya chumbani yanabaki chumbani, na tunafunga mapema watu wawahi daladala.

Halafu mama akafanya jambo ambalo mie na wewe hatukuwahi kulifanya. Kila mtu aseme anamjuaje aliyekaa kushoto kwake, hapo hapo, bila kuandika. Kushoto kwangu alikuwa fundi simu. Nikababaika, nikasema malenga wangu, Kidawa, aliimba kwenye harusi moja, akampasha mgeni asiyemjua, kumbe ni mke wa liwali. Akakimbia, na huyu kibaka akamficha chini ya ngalawa. "Kwa malipo," fundi akadakia. "Hajalipa mpaka leo." Tukaendelea, mwalimu akasema yake, ikafika zamu ya dada wa benki. Alikuwa kimya, anachora nyota pembeni mwa karatasi. Akainua macho, akanitazama mie wala si aliye kushoto kwake.

"Ile harusi," akasema, "ilikuwa yangu."

Shoga, nywele zilinisimama! Wala hajawahi kucheza huyu. Zile kurasa zangu sita hazikuwa na kitu cha namna hiyo hata kimoja, na sidhani kama ningekipata nikikaa peke yangu mwezi mzima. Nilipoondoka nilizisahau pale mezani. Nadhani zimeshafungiwa mihogo.

Sasa nina shida, na wewe ndiye mwenye dawa. Unaijua ile kejeli ya malenga, inayomuumiza adui kwa maneno matupu. Kwenye kitabu chetu, kile cha 2014, inamuumiza kwa namba ya dadu ya pande nne. Mama kaongeza sharti lake: lazima niitamke, na iwe mipasho ya kweli, kwa mafumbo, tusi la wazi halihesabiki. Mie nikikasirika nakosa la kusema, unajua. Wewe uliwahi kumnyamazisha konda wa basi zima la Tanga kwa sentensi moja.

Niandikie kumi. Moja ya zimwi, moja ya askari wa getini, zilizobaki chagua mwenyewe. Na moja kali kabisa ya bibi harusi, maana Jumamosi saa nane tunaanza, na yule dada namwona hajasamehe.

Ni mie,
shoga yako wa Chumbageni